Siku Thelathini Zikipita: Kuomba Muda wa Kukata Rufaa Ukiwa Umechelewa

(Mazungumzo ya mgeni wetu, msaidizi wa kisheria, siku ya sherehe ya miaka kumi ya kikundi. Yamechapwa humu kwa ombi la wanachama ili anayetaka akayasome tena nyumbani.)



 Niwapongeze. Kikundi cha akina mama kuweka akiba miaka kumi bila sanduku kuvunjwa wala daftari kupotea si jambo dogo. Wengi huanza kwa vigelegele, ukija mgao wa pili hawasalimiani. Ninyi leo mnakata keki pamoja. Hongereni sana. (Makofi)

Viongozi wenu wameniomba nizungumze juu ya jambo ambalo akina mama wengi huja kuniuliza, na karibu wote huja wakiwa wamechelewa. Jambo lenyewe ni hili: umeshindwa kesi, hukuridhika, siku za kukata rufaa zimepita. Je, mlango umefungwa kabisa, au kuna namna ya kubisha hodi?

Jibu fupi ni kwamba namna ipo. Lakini mlango huo haufunguliwi kwa machozi. Unafunguliwa kwa hesabu ya siku. Na hesabu, akina mama, ninyi mnaijua kuliko watu wengi.

Siku zenyewe ni ngapi

Tuanze na kesi tulizozizoea, zile za mahakama ya mwanzo: mirathi, ndoa, madai ya kukopeshana. Ukishindwa mahakama ya mwanzo, rufaa yako inakwenda mahakama ya wilaya. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 inakupa siku 30 tangu siku uamuzi ulipotolewa. Ukishindwa tena mahakama ya wilaya unakwenda Mahakama Kuu, na hapo pia ni siku 30. Kesi za ndoa zina sheria yake, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwa rufaa ya kwenda Mahakama Kuu inataja siku 45. Ushauri wangu ni huu: kila kesi ihesabu kama ya siku 30. Aliyewahi hajawahi kufungiwa mlango kwa kuwahi.

Kesi za ardhi zina njia yake. Tangu sheria ya mwaka 2002, mgogoro wa shamba hauamuliwi na mahakama ya mwanzo. Zamani baraza la kata lilikuwa linaamua. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Wakishindwa kuwapatanisha, mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Shauri likianzia huko na hukuridhika, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu.

Na Mahakama Kuu, wazee mtakumbuka, kwa miaka mingi kwetu ilikuwa Tabora. Mtu wa Kibondo ateremke Kigoma, apande treni, alale njiani, afike aambiwe faili halijaletwa. Siku hizi Mahakama Kuu ina masjala yake Kigoma mjini. Kwa hiyo ile sababu ya "Tabora ni mbali" imekufa. Jaji wa leo hataisikiliza.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Hizo siku 30 zinahesabu Jumamosi, zinahesabu Jumapili, zinahesabu siku ya mnada na siku ya msiba. Siku ya mwisho ikiangukia wakati mahakama imefungwa, utapokelewa itakapofunguliwa. Basi. Siku nyingine zote zinakwenda, hata kama wewe umekaa.

Vitu visivyosimamisha siku

Akina mama wengi hawachelewi kwa uvivu. Wanachelewa kwa sababu walikuwa wanafanya kitu, ila kitu hicho hakisimamishi siku. Nitataja vinne.

Cha kwanza ni kikao cha ukoo. Hukumu imesomwa, shamba la marehemu mumeo limekwenda kwa shemeji. Wazee wanakuja: "Mwanetu, usikimbilie mahakama, tutakaa tuyamalize." Wanakaa Jumapili hii, mmoja hayupo. Wanakaa Jumapili ijayo, pombe imewahi kuliko hoja. Kikao cha tatu kinaahirishwa mpaka maharage yavunwe. Siku ya thelathini na moja wazee walewale wanakuambia, "Basi mama, mahakama ilishaamua." Simsemi mzee ye yote. Mapatano ni mazuri na mimi huwa nayahimiza. Lakini peleka rufaa kwanza, ndipo mkae kikao. Mkipatana, rufaa huondolewa.

Cha pili ni barua kwa mkubwa. Unamwandikia mtendaji, unamwandikia mkuu wa wilaya, unasubiri kujibiwa. Kiongozi wa serikali hana uwezo wa kubadili hukumu, na kumsubiri hakukuongezei hata siku moja.

Cha tatu ni kusubiri nakala ya hukumu. Kwa rufaa inayotoka mahakama ya mwanzo, siku huhesabiwa tangu uamuzi uliposomwa, siyo tangu ulipopata karatasi. Omba nakala siku ileile, kwa barua, lakini usiisubiri ndipo uanze kuandika sababu zako za rufaa. Uamuzi ulisomwa kwa Kiswahili, uliusikia, unajua kilichokuuma. Andika hicho. Kwa kesi zilizoanzia mahakama ya wilaya au baraza la ardhi mambo ni tofauti kidogo: sheria ya ukomo wa muda inatoa nafasi ya kuondoa siku ulizokuwa unasubiri nakala, lakini lazima uonyeshe lini uliomba na lini ulipewa. Barua yenye muhuri wa mapokezi ndiyo shahidi wako.

Cha nne ni kukaa na namba ya malipo. Siku hizi mashauri hupelekwa kwa mtandao, unapewa namba ya kulipia ada. Mama anapata namba Jumatatu, anasema atalipa akiuza debe la maharage. Lipa siku hiyohiyo. Rufaa ambayo ada yake haijalipwa inaweza kukutia matatani, uambiwe hukuwahi kuipeleka.

Mahakama inaangalia nini

Haya, siku zimepita. Unaomba kuongezewa muda. Sheria inasema mahakama inaweza kukupa ukiwa na sababu za kutosha. Sababu za kutosha ni zipi? Sheria haikuorodhesha. Imeachwa kwa hakimu au jaji apime kila kesi kwa hali yake.

Hapa ndipo nasema ninyi mnalijua jambo hili tayari. Mwanachama amekopa, siku ya marejesho imefika hana fedha. Mnamfanyaje?

(Sauti: Tunamtoza faini!)

Mnamtoza faini, sawa. Lakini wapo mnaowaongezea muda, si ndiyo? Nani mnamwongezea? Yule aliyekuja mwenyewe, akasema mtoto alilazwa kuanzia siku fulani, cheti hiki hapa, alitoka siku fulani, na leo ndiyo siku yangu ya kwanza kutoka nyumbani. Na yupi mnamkatalia? Yule aliyejificha miezi miwili, mkamfuata kwake, ndipo akasema "nilikuwa naumwa." Mnamuuliza: uliumwa lini? Hajui. Mbona ulionekana mnadani? Kimya. (Kicheko)

Mahakama ya Rufani ya Tanzania inapima hivyohivyo. Mwaka 2011, katika shauri la Kampuni ya Ujenzi ya Lyamuya dhidi ya wadhamini wa chama cha YWCA, ambacho ni chama cha wanawake wenzetu, ilitaja mambo manne ambayo mpaka leo mahakimu na majaji wanayatumia:

1. Mwombaji aeleze muda wote aliochelewa.
2. Kuchelewa kwenyewe kusiwe kumepita kiasi.
3. Aonyeshe bidii, siyo kupuuza wala uzembe katika jambo analotaka kulifanya.
4. Kama ipo sababu nyingine nzito, kwa mfano uamuzi wenyewe una kosa kubwa la kisheria, nayo iangaliwe.

Hilo la kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Katika shauri jingine, la Bushiri Hassan na Latifa Lukio Mashayo, la mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilisema kuchelewa hata siku moja lazima kutolewe maelezo, vinginevyo kuweka muda katika sheria kungekuwa hakuna maana.

Tuchukue mfano. Huu ni mfano tu, msianze kutafutana. Uamuzi umesomwa tarehe 3 Machi. Siku ya mwisho ya rufaa ni tarehe 2 Aprili. Mama aliugua akalazwa tarehe 10 Machi, akatoka tarehe 28 Machi. Anafika mahakamani tarehe 20 Mei akiwa na cheti cha hospitali. Anaamini ana sababu. Hakimu anahesabu: cheti kinaeleza Machi. Kutoka tarehe 3 Aprili hadi 20 Mei ni siku 48. Siku hizo 48 ulikuwa wapi, mama? Hakuna jibu. Ombi linatupwa, na ugonjwa ulikuwa wa kweli kabisa.

Sasa mama wa pili. Uamuzi uleule, tarehe 3 Machi. Alilazwa tarehe 10 Machi mpaka tarehe 14 Aprili, cheti kipo. Daktari akampa mapumziko ya siku 7, mpaka tarehe 21, karatasi ipo. Tarehe 22 akaenda kwa msaidizi wa kisheria, tarehe 23 karatasi zikaandikwa, tarehe 24 ombi likapelekwa na ada ikalipwa. Amechelewa siku 22 na kila siku ina mahali pake pa kukaa. Huyu ana nafasi nzuri ya kusikilizwa.

Mnaona tofauti? Wote waliugua. Mmoja alileta ugonjwa, mwingine alileta hesabu.

Sababu ambazo mara nyingi hazisaidii

"Sikujua sheria." Mahakama zimekwisha kusema mara nyingi kwamba kutojua sheria si sababu. Ndiyo maana tunazungumza leo.

"Wakili wangu alizembea." Hiyo nayo kwa kawaida haikubaliki. Ukishamkabidhi mtu kazi yako, mfuatilie.

"Sikuwa na fedha." Hapa naomba nitulie kidogo, maana linatuhusu. Kanuni ya siku nyingi ni kwamba kukosa fedha peke yake si sababu ya kutosha. Lakini katika Rufaa ya Madai Namba 1 ya mwaka 2002, kati ya Yusufu Same na mwenzake dhidi ya Hadija Yusufu, Mahakama ya Rufani iliitazama hali ya mama huyo: ni mjane, anategemea msaada wa kisheria wa bure. Ikasema kanuni inaijua, lakini kwa mtu wa hali hiyo kilio cha kukosa fedha hakiwezi kuonekana si kitu. Basi mjane wa Makere au wa Kakonko asiambiwe kwamba umaskini wake hausemwi mahakamani. Unasemwa, ila usemwe pamoja na mengine: ulikwenda kwa nani kuomba msaada, tarehe gani, ulijibiwa lini. Umaskini ulioambatana na bidii unasikika zaidi kuliko umaskini uliokaa kimya.

Sababu mbili ambazo wengi hawazijui

Ya kwanza: ulikwisha kukata rufaa ndani ya muda, ila ikaondolewa kwa sababu ilikuwa na kasoro, labda karatasi haikutakiwa kuwa vile au ilipelekwa pasipo pake. Katika shauri la Fortunatus Masha na William Shija, la mwaka 1997, Mahakama ya Rufani ilitofautisha kuchelewa kwa kweli na kuchelewa kwa namna hiyo, ambako mtu hakulala bali njia ilimkatalia. Ukiondolewa hivyo, rudi haraka. Usikae miezi mitatu ukilia, maana hizo siku za kulia nazo zitahesabiwa.

Ya pili: uamuzi wenyewe ni batili kisheria. Kwa mfano, uliamuliwa bila kupewa nafasi ya kusikilizwa, au mahakama ya mwanzo iliamua mgogoro wa ardhi ambao haikuwa na mamlaka nao. Tangu shauri la Wizara ya Ulinzi dhidi ya Valambhia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mahakama zinakubali kwamba kosa la namna hiyo laweza kuwa sababu ya kuongeza muda ili lirekebishwe. Lakini liwe kosa linaloonekana wazi, siyo la kutafutwa kwa tochi. Kusema tu "hakimu hakunielewa" hakutoshi.

Ombi linavyoandikwa

Kama ni kutoka mahakama ya mwanzo, ombi linapelekwa mahakama ya wilaya. Kama ni kwenda Mahakama Kuu, ombi la muda linapelekwa Mahakama Kuu yenyewe, Kigoma. Liwe la maandishi, lieleze kwa nini hukuwahi, na liambatane na rufaa unayotaka kuileta au lieleze sababu zake. Kwa kawaida unaweka na hati ya kiapo.

Katika kiapo unasema unayoyajua wewe. Ukiandika "mwenyekiti wa kitongoji alikuwa ananiuguza," mwenyekiti naye atoe kiapo chake. Ukiandika "karani aliniambia nirudi wiki ijayo," bila karani huyo kuthibitisha ni maneno matupu. Tarehe zifuatane kama mlivyo katika daftari la hisa: siku hii hili, siku hii lile, pasiwe na pengo.

Na jamani, kuomba muda hakusimamishi utekelezaji. Dalali wa mahakama anaweza kuja shambani wakati ombi lako liko masjala. Omba pia utekelezaji usimame mpaka ombi lako lisikilizwe.

Kwa nini tujisumbue

Mtu anaweza kusema: yote haya ya nini? Haki ya mtu si haipotei? Ndugu zangu, mahakamani inapotea. Inapotea kwa siku moja.

Mnamkumbuka Holaria Pastory wa Muleba, kule Kagera? Alirithi shamba la ukoo kutoka kwa baba yake, akaliuza. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ikakubaliana na mpwa huyo. Jambo likapanda mahakama ya wilaya, likageuka. Likapanda Mahakama Kuu Mwanza, na tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo inambagua mwanamke, inapingana na Katiba, na uuzaji ule ni halali. Hukumu hiyo inasomwa vyuoni mpaka leo. Sasa fikirieni: kama jambo lile lingeishia mahakama ya mwanzo siku ya thelathini na moja, tusingekuwa na la kusoma. Mila ingebaki ilivyo, na shamba lingekwenda.

Nisiwe mwongo lakini. Muda wa rufaa haukuwekwa kutukomoa. Siku nyingine ni sisi tutakaoshinda. Mama ameshinda kesi, amelima, amepanda migomba, amejenga. Baada ya miaka minne anakuja mtu kusema anataka rufaa. Tungependa mahakama imwambie nini? Ndiyo hivyo. Kipimo kinachotubana leo ndicho kitakachotulinda kesho.

Ombi langu kwa kikundi

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa mambo matatu ambayo kikundi hiki kinaweza kuyafanya bila kusubiri mfadhili.

La kwanza, Katibu afungue ukurasa mmoja wa kesi. Mwanachama mwenye shauri aje siku ya mkutano aseme tarehe ya hukumu. Katibu aandike na aandike siku ya mwisho. Kila mkutano isomwe kama tunavyosoma marejesho.

La pili, mfuko wa jamii ambao unasaidia misiba na ugonjwa uruhusu na mkopo mdogo wa rufaa: nauli, uchapaji, ada. Fedha ya kupeleka karatasi mara nyingi ni ndogo kuliko hisa mtu aliyoweka, na shamba linalookolewa ni kubwa kuliko mgao wa miaka kumi.

La tatu, mwenzetu akilazwa baada ya hukumu, tusimpelekee uji tu. Tumwulize: una siku ngapi? Anaweza kusaini au kuweka dole gumba akiwa kitandani, mwenzake akapeleka. Na tukumbuke kwamba tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wasaidizi wa kisheria tunatambuliwa kisheria, na huduma yetu kwa asiye na uwezo ni ya bure. Msione haya kuja, na msije siku ya arobaini na nane.

Wahenga walisema chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Mimi naongeza: na shamba pia.

Nawatakia miaka kumi mingine yenye heri.  (Makofi na vigelegele)